Kufuli la Bibi na Mzee wa Mwembeni: Livingstone alivyoishi Ujiji

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Buzebazeba, bibi mmoja jirani yetu alimtuma mjukuu wake kuniita. Nilichukua rozari nikidhani kuna mgonjwa. Kumbe kilichokuwa kinaningoja juu ya mkeka ni kufuli. Kufuli kubwa la chuma, zito, lililoliwa na kutu, lisilo na ufunguo. Bibi alinieleza kwamba lilitoka kwenye sanduku la Livingstone, kwamba babu wa baba yake alikuwa mpagazi katika misafara ya Ujiji, na kwamba limepita mkono kwa mkono hadi likamfikia yeye. Sasa amekuja mtu anayezunguka kununua vitu vya kale. Ametaja fedha ambayo ingelipa ada ya mjukuu na nyingine ikabaki, ila anataka karatasi inayoeleza historia ya kitu chenyewe. Familia ikaona kwamba frateri anayesoma falsafa ndiye wa kuiandika.

Sikuiandika siku ile. Kuthibitisha jambo usilolijua ili mtu auziwe ni ushahidi wa uongo, hata kama aliyekuomba ni bibi aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto. Nilimwomba anipe muda, nikaanza kusoma. Na kwa kuwa huwezi kulijua sanduku bila kumjua mwenye sanduku, nilijikuta nasoma zaidi juu ya mtu kuliko juu ya kufuli.

Sisi wa Kigoma tunadhani tunamjua. Tulipelekwa Ujiji na walimu wetu wa shule ya msingi, tukaonyeshwa mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika na msalaba ndani yake, tukaonyeshwa miembe, tukaambiwa hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Tukarudi nyumbani tumeridhika. Hakuna aliyetuambia kwamba kibao cha pale penyewe kinautaja mwembe wa mkutano kama mti uliokuwepo zamani. Mwembe wenyewe ulizeeka ukaisha katika miaka ya 1920. Miembe tunayopigia picha leo inaelezwa kuwa ilitokana na vipandikizi vyake. Nyumba aliyoishi, tembe la udongo lenye baraza, nayo haipo. Hata ziwa limehama. Mwaka 1871 maji ya Tanganyika yalikuwa juu kuliko sasa, kwa sababu mlango wa mto Lukuga upande wa Kongo ulikuwa umezibwa na matope na majani. Ulipozibuka miaka michache baadaye, ziwa likashuka kwa mita kadhaa, na ndiyo maana leo mgeni anasimama penye mnara akishangaa ufuko uko wapi.

Basi tuanze na mtu. David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813, katika familia iliyoishi chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, kuanzia alfajiri hadi usiku, na baada ya hapo akaenda shule ya jioni kujifunza Kilatini. (Mafrateri wenzangu wanaolalamikia Kilatini wakiwa wameshiba walikumbuke hili.) Alijisomesha utabibu Glasgow, akajiunga na Shirika la Kimisionari la London, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika.

Kama mhubiri, ukihesabu ubatizo, hakufanikiwa sana. Mwongofu wake anayejulikana ni Sechele, chifu wa Wakwena, aliyebatizwa mwaka 1848. Mwaka 1844 simba alimrukia mahali paitwapo Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, karibu na bega. Mfupa haukuunga vizuri. Msomaji auweke akilini mkono huo, tutauhitaji baadaye. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane pamoja na Wakololo, akaandika kitabu, akawa maarufu Uingereza nzima. Safari iliyofuata ya mto Zambezi, kuanzia 1858, ilikuwa ya hasara na ugomvi, na Mary alifia Shupanga mwaka 1862. Haya nayapita haraka, yako katika vitabu vingi.

Linalotuhusu sisi wa ziwani linaanza Machi 1866, alipoondoka Zanzibar kuelekea Ruvuma akitafuta chanzo cha mto Nile. Pamoja naye walikuwepo Chuma, Myao aliyeokolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo, na Susi, mtu wa Shupanga. Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Kwa tabibu mwenye homa ya mara kwa mara, hiyo ilikuwa kama hukumu. Tangu hapo mwili wake uliendelea kuisha kidogo kidogo.

Alifika Ujiji mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, akiwa amebebwa. Waliombeba na kumuuguza walikuwa watu wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Hapa ndipo somo la shule ya msingi linapoanza kupwaya. Tulifundishwa kwamba Livingstone alikuwa adui wa biashara ya utumwa, na ni kweli: aliandika dhidi yake miaka yote, na maandishi yake yaliwaamsha wengi. Lakini katika miaka yake ya mwisho alikula chakula cha wafanyabiashara hao hao, alisafiri katika misafara yao na alitibiwa nao. Asingefika Manyema bila wao. Mimi simhukumu. Mtu mgonjwa asiye na dawa wala kitambaa cha kununulia chakula hachagui mkono unaompa uji. Ila nadhani tumekosa uaminifu kwa kuliacha jambo hili pembeni, tukawaonyesha watoto wetu mzungu mwenye usafi wote upande mmoja na Waarabu wenye uovu wote upande wa pili, katika mji kama Ujiji ambamo wajukuu wa pande zote wanachota maji bomba moja.

Julai 1869 alivuka ziwa kwenda Manyema. Alikaa huko miaka miwili, sehemu kubwa akiwa Kabambare, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Karatasi ikamwishia. Wino ukamwishia. Akatengeneza wino kwa mbegu za mmea, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza la Novemba 1869, maandishi yake yakikatiza mistari ya chapa. Baada ya muda wino ule ulififia, na kwa zaidi ya miaka mia kurasa zile zilikuwa hazisomeki vizuri.

Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya gulio. Watu wa wafanyabiashara walianza kufyatua bunduki ndani ya soko lililojaa, wengi wa waliokuwemo wakiwa wanawake. Waliokimbilia mtumbwi walipigwa risasi au wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake. Aligeuka kurudi Ujiji, na habari aliyoiandika, ilipofika Uingereza, ilikuwa miongoni mwa zilizoongeza msukumo kwa Sultani Barghash hata akatia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa Zanzibar.

Sasa, mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kurasa zile za gazeti kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa jicho, na maandishi yaliyofifia yakajitokeza. Wakalinganisha na daftari safi ambalo Livingstone alinakili baadaye, na kile kitabu kilichochapwa mwaka 1874 baada ya kifo chake na rafiki yake Horace Waller. Havilingani. Katika kurasa za awali kuna lawama kali juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, watumwa waliotumwa kwake kutoka Zanzibar kama wapagazi. Katika daftari safi mambo mengi ya namna hiyo yamelainishwa au kuondolewa. Watafiti wakauliza kama baadhi ya watu wake hawakuwa na mkono katika vurugu za siku zile. Mimi niliposoma hilo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Sina shaka kwamba alichukizwa kwa dhati na mauaji yale. Lakini aliponakili, alichagua. Yeyote aliyewahi kuandika utafiti wa dhamiri halafu akauandika upya kabla ya kwenda kuungama anajua jinsi kalamu inavyomhurumia mwenye kalamu.

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 kwa hesabu yake, akiwa mifupa mitupu. Alitegemea kukuta mzigo wa merikani na shanga uliotumwa kwake kutoka pwani. Haukuwepo. Mtu aliyekabidhiwa, jina lake Sherif, alikuwa ameuza wote akanunua pembe na watumwa, akidai kwamba amepiga ramli na kuona mwenyewe amekwisha kufa. Fikiria mzee wa miaka 58, amekaa barazani Ujiji, anawaona watu mjini wamevaa kitambaa chake.

Niliposoma hapa nililikumbuka kufuli, nikawa na matumaini. Kama mali ya Livingstone iliuzwa rejareja Ujiji mwaka 1871, kwa nini kufuli moja lisibaki katika familia ya Buzebazeba? Tena kuna la zaidi: Luteni Cameron, aliyefika Ujiji mwanzoni mwa 1874, alizikuta huko karatasi za Livingstone zilizoachwa zitunzwe. Kwa hiyo vitu vyake vilibaki Ujiji hata baada yake. Hadithi ya bibi ilikuwa inawezekana. Lakini kuwezekana siyo kuwa. Hilo tunafundishwa katika mantiki ya mwaka wa kwanza.

Siku chache baada ya kurudi kwake ndipo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, aliingia mjini na bendera ya Marekani mbele, bunduki zikilia. Wa kwanza kumkimbilia alikuwa Susi. Halima, mpishi wa Livingstone, alihangaika jikoni ili mgeni ale kwa heshima. Kuhusu tarehe, mnara unasema 10 Novemba 1871, ambayo ni ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepotewa na hesabu ya siku kwa sababu ya homa. Na ile salamu maarufu ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua kwa Kiingereza hata kabla hajajua Kiingereza? Livingstone hakuiandika katika shajara yake. Stanley aliichapa, lakini katika shajara yake ukurasa wa siku ile umechanwa, na Tim Jeal, aliyeandika maisha ya wote wawili, anaona kwamba Stanley aliitunga baadaye. Ndiyo sababu sijaiweka katika makala hii.

Walichofanya pamoja hakina shaka. Walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Ziwa letu basi halikuwa linapeleka maji Nile kwa njia hiyo. Tarehe 27 Desemba 1871 waliondoka Ujiji kuelekea Unyanyembe, na katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, Stanley akamwacha Machi 1872. Tembe hilo limejengwa upya na linatembelewa kama makumbusho. Stanley alimsihi arudi Ulaya akatibiwe. Alikataa. Alingoja hadi Agosti wapagazi wapya wafike, kisha akaenda kusini kukitafuta chanzo cha Nile mahali ambapo hakikuwepo, maana mto alioufuata, Lualaba, ni wa Kongo. Alikosea. Miaka saba ya mateso kwa ajili ya mto usiokuwa wenyewe.

Alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda. Tarehe inayotajwa zaidi ni 1 Mei 1873, ingawa Jacob Wainwright, kijana Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, alichonga 4 Mei katika gome la mti.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, na Livingstone hayamo ila kama mzigo. Walikuwa huru kumzika na kutawanyika. Badala yake walitoa moyo na matumbo wakayazika chini ya mti, Wainwright akasoma sala, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, magome na turubai. Kisha wakatembea. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, naye akawashauri wazike hapo hapo. Wakakataa. Mbele zaidi, penye watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao, walijifanya wanarudi kuzika, kumbe wakaufunga mwili upya ufanane na robota la nguo, wakapita nao. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya takriban miezi tisa, na mwili ukawekwa katika kanisa la Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa hapo tangu 1868 wakiwakomboa watumwa. Mmisionari Mprotestanti, aliyebebwa na watu ambao baadhi yao walikuwa Waislamu, akalala usiku wake wa mwisho barani chini ya paa la Wakatoliki. Mnara wa kanisa lile unaitwa kwa jina lake hadi leo. Nimewahi kusali pale.

Huko London, kabla ya kumzika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, walihitaji kujua kama kweli ni yeye. Daktari William Fergusson aliupima mkono wa kushoto, akaukuta mfupa ulioungwa vibaya tangu siku ya simba. Ndipo wakaamini. Kilichothibitisha ni jeraha ambalo watu wengi walikuwa wamelijua akiwa hai, siyo hadithi.

Wainwright alikuwepo kwenye mazishi. Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakamsaidia Waller kuelewa shajara. Wengine wote walilipwa ujira Zanzibar wakaachwa waende. Shirika la Kifalme la Jiografia lilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao, lakini zilipofika Zanzibar wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika bara. Chuma alikufa 1882, Susi 1891, Wainwright alifia Urambo 1892. Mti wa Chitambo ulikatwa mwaka 1899 na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Msalaba uliochongwa kwa mbao yake uko katika kanisa kuu la Kianglikana Zanzibar, lililojengwa penye soko la watumwa.

Nilirudi kwa bibi siku mbili kabla ya kurudi seminari. Nilimwomba ruhusa, nikalisugua kufuli kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, barazani, mjukuu akiangalia. Chini ya kutu zikatokea herufi zisemazo kwa Kiingereza kwamba limetengenezwa Ujerumani. Chapa ya namna hiyo ilianza kuenea baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuwalazimisha watengenezaji wa nje kutaja nchi yao. Livingstone alikuwa amekwisha kufa miaka 14 kabla. Kufuli lilikuja na Wajerumani, au baada yao.

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama basi na babu wa baba yake hakuwahi kuwa mpagazi. Nilimwambia kwamba kufuli haliwezi kutujibu hilo, kwa ndiyo wala kwa hapana, na kwamba majina ya waliobeba mizigo kati ya Ujiji na Bagamoyo ni machache sana yaliyoandikwa. Nikamsomea niliyokuwa nayo: Chuma, Susi, Wainwright, Halima. Akanitaka niliandike na la babu yake, kwenye karatasi ile ile, chini yao. Nikaliandika, nikaweka kando yake kwamba ni kwa kauli ya familia.

Mnunuzi alipopita tena bibi alimwonyesha chapa mwenyewe, na bei ikashuka hadi ya chuma chakavu. Hakuuza. Ada ya mjukuu bado inatafutwa.